Pakiti ya Kijani Mlangoni mwa Friji

Mlango wa friji ulikuwa umeachia upenyo mwembamba kama kidole. Daktari Hsieh Pei-shan aliuona asubuhi alipoingia maabara, na kabla hajasoma kipimajoto alishajua kwamba dozi ya Yu-cheng imeharibika.

Ndani yake mlikuwa na virusi vilivyobebeshwa nakala nzima ya jeni ambayo mtoto huyo alizaliwa nayo ikiwa mbovu. Vingepelekwa ubongoni mwake, huenda akaweza kukaza shingo. Alikuwa na miaka minne na hajawahi kukaa. Dozi ya kwanza iliingiwa na bakteria, ya pili ikatoka dhaifu. Hii ilikuwa imefaulu vipimo vyote, na upasuaji ulikuwa wiki hiyo.

Kilichozuia mlango kilikuwa pakiti ya vitafunio vya mahindi. Taipei nzima huweka pakiti hiyo juu ya mashine kama hirizi, ili zitulie: ya kijani tu, na isiwe imepita tarehe.

"Nani kaiweka hapa?"

Po-han, fundi wa maabara, alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi, dada. Ile ya zamani ilipita tarehe. Nikaona dozi ya mtoto isilale na pakiti iliyochacha."

"Ndiyo ukaibandika mlangoni?"

"Kule juu inateleza."

"Na king'ora?"

"Kililia, nikakizima. Jana kutwa kilikuwa kinalia tu tukipanga chupa mlango wazi."

"Kwa hiyo pakiti uliiamini, king'ora hukukiamini."

Po-han aliinama kuikagua chupa. "Labda virusi bado vizima. Tupime tena?"

"Vipimo vitakula nusu ya dozi. Na kichwa cha mtoto si mahali pa labda. Mwaga."

Mama yake Yu-cheng alikuwa ukumbini, mtoto kitini, kichwa kimeegemezwa taulo lililokunjwa. Pei-shan alimweleza yote bila kupamba.

"Mpaka lini tena, daktari?"

"Miezi mitano. Ikienda vizuri."

"Kila nikija ni ikienda vizuri. Imeenda vizuri lini?"

Mama akafungua mkoba, akatoa pakiti ya kijani. "Nilikuwa nimewaletea. Tarehe nimeikagua."

Pei-shan aliipokea kwa mikono miwili. Akapanda nayo maabara, akaiweka juu ya mashine ya kukuzia seli, mbali na mlango, akaibana kwa utepe isiteleze.

Po-han aliitazama pakiti, kisha akamtazama Pei-shan usoni.

"Toa seli mpya," Pei-shan alisema. "Tunaanza leo."