Alfani Alizikwa Mara Mbili

Habari ya kifo cha Alfani ilifika redioni ikiwa habari ya ajali, na Getrude aliisoma hivyo hivyo. Katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho wa kijiji cha Namitumbi amegongwa na gari karibu na Mingoyo, gari halikusimama. Akazima kipaza sauti, akanywa chai iliyokwisha kupoa. Kwa miaka aliyofanya kazi katika redio ile ndogo ya Lindi alikuwa amesoma ajali nyingi za barabara kuu, na siku hizi majina yalimpita tu.

Jina hili halikumpita. Akiwa nyumbani anafua, alikumbuka sauti yake. Msimu wa kupulizia mikorosho Alfani alikuwa amepiga simu kwenye kipindi cha wakulima, akasema dawa ya salfa waliyogawiwa ni chokaa iliyochanganywa, maua yote yameungua kwa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na aliyeileta ni diwani Tawakali. Mhariri, Sebastiani, aliikata ile simu kabla hajamaliza.

Kesho yake Getrude alipanda gari kwenda msibani. Alikuta turubai jipya, masufuria ya pilau na vijana wanaogawa maji ya chupa. Vyote vilitoka kwa diwani. Mjane, Salima, alikuwa chumbani ameketi mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Pole, dada yangu," Getrude alisema.

"Nimeshapoa." Salima aliisogeza kanga kidogo. "Wewe si yule wa redio? Mbona mlisema amegongwa akitembea?"

"Ndivyo polisi walivyosema."

"Mume wangu aliondoka hapa na gari. Dereva wa diwani alikuja kumchukua, akasema wanaitwa kikao Lindi. Mimi mwenyewe nilimpa kanzu yake. Sasa mtu kapakiwa kwenye gari, anagongwaje akitembea?"

"Uliwaambia polisi?"

"Niliwaambia. Wakasema labda alishuka njiani kujisaidia."

Maiti ya Alfani ilikuwa imeoshwa na mdogo wake, Bashiru. Getrude alimkuta shambani akisafisha chini ya mikorosho ambayo mwaka huo haikuwa na cha kuokotwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bashiru, nataka kukuuliza kuhusu mwili wa kaka yako."

"Hilo hapana," alijibu kwa upole. "Anayeosha maiti anasitiri alichokiona. Ndivyo tulivyofundishwa."

Getrude hakubishana naye. Alirudi mjini, akaja tena baada ya hitima, akakataliwa tena. Safari yenyewe ilimchosha: vumbi, kusubiri gari, magoti yanayouma. Mara nyingine alijiambia aache, kwamba Lindi haitabadilika kwa sababu ya mwanamke mmoja mwenye kinasa sauti. Kisha diwani akampigia simu.

"Dada Getrude, habari za siku nyingi? Nasikia unazunguka sana huko mashambani. Umri huu tupumzike, dada. Yule binti yako hajambo chuoni Mtwara? Nasikia amepanga nyumba ya nyuma, ile isiyo na uzio."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekujulia hali. Getrude alijibu kwamba binti hajambo, akashukuru, akakata simu. Siku ile ile alimpigia binti yake ahamie kwa masista, na yeye mwenyewe akaacha kulala nyumbani kwake.

Bashiru ndiye aliyemfuata safari hii. Alimkuta redioni mchana, akasimama mlangoni mpaka akaitwa.

"Nimemuuliza shehe," alisema. "Ameniambia kusitiri ni kwa aibu ya maiti. Alichotendewa si aibu yake." Akajifuta jasho. "Mikono ilikuwa na alama za kamba, hapa, pande zote mbili. Kisogoni kulikuwa na jeraha moja, limezama. Magoti hayakuchubuka, viwiko havikuchubuka. Gari gani linamgonga mtu kichwani peke yake?"

"Utayarudia haya mbele ya polisi?"

"Naogopa. Lakini usiku silali. Nitayarudia."

Getrude alirekodi maneno yake na ya Salima. Sebastiani aliyasikiliza yote, akavua vipokea sauti, akavishika mapajani.

"Nayaamini," alisema. "Lakini tukiirusha habari hii leo, kesho redio imefungwa. Nina wafanyakazi hapa, Getrude."

"Nami ni mmoja wao."

"Basi nisaidie. Usinilazimishe."

Hakumlazimisha. Aliituma habari kwenye gazeti moja la Dar es Salaam, akaiandika kwa jina lake kamili. Ilipotoka, Sebastiani alimwomba kitambulisho cha kazi, akakipokea bila kumtazama usoni.

Kelele za gazeti zilifika mbali kuliko miguu yake. Mahakama iliamuru kaburi lifukuliwe. Walilifungua asubuhi moja yenye mawingu, daktari, askari na wanaume wa ukoo, na shehe akisoma pembeni. Bashiru aliishika sanda ya kaka yake kwa mara ya pili. Getrude alikaa na Salima nyuma ya nyumba, akiwa amemshika mkono. Daktari alikuta fuvu limevunjwa kwa kitu kama nyundo.

Dereva wa diwani alikamatwa. Siku ya kwanza alisema ametumwa na bosi wake, kwa kuwa Alfani alikataa kunyamaza. Kesi ilipoanza alibadilika: eti aligombana na marehemu garini, akampiga, akaogopa, akamtupa barabarani ionekane ajali. Alama za kamba hakuzieleza. Mwendesha mashtaka alimuuliza na kumuuliza. Alihukumiwa yeye peke yake. Tawakali alinyang'anywa kazi ya kuleta dawa, ila udiwani haukuguswa. Siku ya hukumu aliketi safu ya mbele, kofia mkononi, akatoka akiwapa watu pole.

Getrude na Salima walikaa kwenye benchi nje ya mahakama wakisubiri gari la Salima.

"Nilitaka ahukumiwe Tawakali," Getrude alisema. "Nimeshindwa kumfikisha."

"Nimeona."

"Utaishije naye kule?"

"Nitaishi. Atapita, nitamwamkia, ataitika." Salima alijifunga kanga vizuri. "Lakini watu walikuwa wanawaambia wanangu kwamba baba yao alilewa akaingia barabarani. Alfani hakuonja pombe maisha yake yote. Sasa hawasemi tena."

Gari lilifika. Konda alipakia kikapu chake, Salima akapanda, akapata nafasi dirishani. Getrude alingoja mpaka likaondoka, halafu akamtumia Bashiru ujumbe kwamba shemeji yake yuko njiani, ampokee.