Kazi ya Wakimbizi

Baba yangu, Matiasi, aliamini kwamba kompyuta ni kazi ya wakimbizi. Utamweleza mpaka koo likauke. Aliziona kwa mara ya kwanza kwenye kambi ya Benaco mwaka wa tisini na nne, Wanyarwanda walipofurika na mashirika ya misaada yakaja nyuma yao, kwa hiyo kichwani mwake zilikuwa kama maturubai na mahindi ya njano: zimekuja na wakimbizi, zitaondoka nao.

"Wenyewe wamesharudi kwao," alisema nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano Mwanza, kusoma fizikia, kemia na hisabati. "Sasa utamwandikisha nani?"

"Baba, sitaki kuandikisha watu."

"Philbert si anaandikisha?"

Philbert, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa karani wa shirika moja kambini, akiandikisha wakimbizi. Ndiye aliyenionyesha kompyuta wakati wa likizo. Nilimchosha kwa maswali mpaka akaniambia kuwa wapo wanaochapa, wapo wanaozitengeneza zikiharibika, na wapo wanaoandika maagizo ambayo mashine inayafuata. Nikataka kuwa huyo wa tatu. Nani angenielewa kijijini kwetu Mugoma? Paroko alinipongeza kwamba nitakuwa sekretari mzuri. Shangazi Agripina alisema nitapofuka kabla sijaolewa. Mwalimu wangu wa hisabati, mtu niliyemtegemea kabisa, alinishauri niende ualimu, kompyuta nitajifunza nikistaafu. Nilitamani kupiga kelele.

Mwenye neno la mwisho alikuwa baba, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

"Ualimu," alisema. "Nimemaliza."

Ijumaa aliondoka na baiskeli, ile aliyokuwa akipelekea ndizi kambini. Jioni akarudi kwa miguu, boksi kubwa kichwani, jasho linamtiririka, anacheka peke yake. Mama akamuuliza baiskeli iko wapi. Baba alitua boksi mezani akalifungua kwa kisu.

"Shirika la akina Philbert linafunga, wanauza vyombo," alisema. "Dereva mmoja alinunua hii, nikabadilishana naye kwa baiskeli. Ndizi zenyewe nitampelekea nani sasa? Haya binti yangu, kompyuta yako hiyo. Mwanza ya nini? Kaa hapa nyumbani usome."

Nikachungulia. Kilikuwa kioo cha kompyuta, kioo peke yake, na nyaya mbili zinaning'inia. Umeme wenyewe tulikuwa hatuna, tulisomea kibatari. Damu ilinichemka. Baiskeli nzima! Na Philbert alikuwa kule kule, angemuuliza tu!

"Baba, hii ni ya kutazamia tu. Inayofanya kazi haipo."

"Haipo vipi? Mbona ndiyo hii Philbert anayoikodolea macho kutwa?"

"Na lile sanduku lililokuwa chini ya meza yake?"

Baba alifikiri.

"Nilidhani anawekea miguu."

Mama alitoka nje haraka, na nikamsikia akicheka huko. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini nilipomwona akifuta vumbi kwenye kile kioo kwa mkono wa shati, nikashindwa kuyasema. Nilimwonea huruma, na hasira haikuisha.

"Yule dereva alijua?" akauliza.

"Bila shaka alijua."

"Na wewe ulijuaje?"

"Niliuliza, baba. Tangu mwaka jana nauliza."

Kisha akamwita mama, akamwambia anifulie sare.

Jumapili tulikwenda Kabanga kupanda basi. Baba alibeba tranka langu kichwani njia nzima, maana baiskeli ilikwishakwenda. Kila tuliyekutana naye alisimamishwa.

"Kompyuta ninayo nyumbani," alimwambia. "Huyu anakwenda kutafuta iliyobaki."

Nilimsihi anyamaze. Hakunyamaza hata nilipokwisha kukaa ndani ya basi. Alikuwa bado anamweleza kondakta.