Sifuri na Mwenzake

Kisu kilizama hadi mpini. Fundi hakuwa ametia nguvu. Aliegemeza tu ncha kwenye mbao iliyobeba paa, kama mtu anayejaribu kiazi kama kimeiva, na mbao ikampokea. Alipokichomoa, unga mkavu ulimwagika usoni na kumwingia jichoni. Alitulia juu ya ngazi akisubiri jicho liache kutoa machozi. Chini yake watoto sabini na wanane wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba herufi.

Walimwita Mzee Geji. Jina hilo alilipata ujanani, kwa sababu aliweza kubana ukingo wa bati kwa vidole viwili, macho kayafumba, akakutajia unene wake bila kukosea. Geji ishirini na nane ni bati la mtu anayewajengea wajukuu. Thelathini ni la mwenye haraka. Thelathini na mbili ni karatasi iliyopewa jina la bati. Na bati, alipenda kusema, lina unafiki. Nyasi zikichoka, baada ya miaka mitano hivi, zinakuambia: tone moja leo, mawili kesho, kama jirani mstaarabu aliyekuja kuulizia chungu chake. Vigae vikipangwa vizuri vitamzika aliyevipanga, na mwanawe pia. Lakini bati litakung'aria huko juu huku chini limeshaliwa na kutu, na mbao zake wamezimaliza mchwa.

Paa hili alilijua. Miaka kumi na miwili iliyopita aliligonga yeye mwenyewe. Mabati yalikuja na muhuri wa ishirini na nane. Vidole vyake vikasema thelathini na mbili. Vidole vilisema, mdomo ukanyamaza, maana wakati ule mkewe alikuwa mgonjwa na kazi zilikuwa za kuokoteza. Bati la aina ile, juu ya mbao zisizotiwa dawa, halivuki miaka kumi. Kwa hiyo lilikuwa limeshakaa miaka miwili isiyo yake.

Aliteremka. Mlangoni alisimama binti yake, mwalimu wa darasa lile, chaki mkononi.

"Vipi, baba?"

"Endelea kufundisha."

"Nimekuuliza vipi."

"Na mimi nimekujibu."

Fomu ya ukaguzi ilijazwa nyumbani kwa ofisa wa majengo. Ofisini, alisema ofisa, kuna kelele. Fundi alipitishwa uani, akaambiwa asubiri karibu na banda la kuku. Banda lilikuwa limeezekwa upya kwa mabati ya buluu. Mabati ya buluu ndiyo yaliyoahidiwa shule mwaka uliopita, na mwalimu mkuu alisaini kuyapokea, ingawa hakuna aliyeyaona yakishushwa. Mkono wa fundi ulinyooka wenyewe ukabana ukingo. Ishirini na nane, halisi. Kuku walimtazama kwa jicho la upande, wametulia zao chini ya paa la miaka arobaini.

"Karibu, mzee wangu, karibu," ofisa alimwita barazani, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Akampa kalamu.

Aina ya paa: bati. Umri: miaka kumi na miwili. Muda uliobaki kabla ya kubadilishwa, miaka: hapo paliachwa wazi. Fundi akaandika sifuri, ya duara zuri, akarudisha karatasi.

Ofisa aliitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

"Mzee, hii sifuri iko peke yake. Inasikitisha."

"Ndiyo hali yake, bosi. Mbao zimekwisha. Mvua moja tu yenye upepo, basi."

"Tumelipaka rangi wiki iliyopita. Matundu yote tumeyaziba kwa lami. Linavuja?"

"Halivuji."

"Sasa?"

"Lilipokuwa linavuja lilikuwa linasema, bosi. Mmeliziba mdomo."

Ofisa alicheka, si kwa ubaya. "Unajua kusema, mzee. Yule mwalimu wa darasa la kwanza ni binti yako, sivyo? Nasikia anafundisha vizuri. Mkataba wake ni wa mwezi hadi mwezi, na unapita mezani kwangu. Wa mwezi ujao sijausaini bado." Aliisogeza karatasi taratibu. "Darasa likifungwa kwa sababu ya paa, wa mkataba ndio wa kwanza kurudi nyumbani. Mimi sipendi iwe hivyo. Wewe unapenda?"

Kuku mmoja alikuwa akijitangaza kwamba ametaga.

"Ipe mwenzake, mzee. Kijistari tu. Mbele yake, si nyuma."

Fundi aliishika kalamu. Nyumba nzima ilikula kwa mkataba ule. Yeye tangu aanguke kutoka ghorofani misimu miwili iliyopita alikuwa akiitwa kukagua tu, kupanda kwenyewe kwa kubembeleza goti. Akachora moja mbele ya sifuri. Ikasimama wima kama msumari. Kisha akasaini, na mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia aibu njia nzima ya kurudi.

Jioni binti aliweka sahani mbele yake, akabaki amesimama.

"Umeandika ngapi?"

"Kumi."

"Na ukweli?"

"Hakuna kitu."

Binti alikaa chini.

"Acha hiyo kazi, mwanangu."

"Tule nini, baba? Misumari?" Ulikuwa utani wake yeye fundi, aliokuwa akimtania mkewe enzi hizo. Hakuna aliyecheka. "Halafu nikitoka mimi, watoto nao wanatoka?"

Fundi alimega tonge, akalirudisha. "Basi nisikilize. Paa la namna ile halianguki bila kuaga. Litalia kwanza, kama kitanda kibovu. Ukisikia hivyo usiwakimbize mlangoni, watakanyagana. Wabanze ukutani. Katikati ndiko linakoangukia."

"Nimeshapima."

"Umepima nini?"

"Ukuta. Niliwapanga siku moja, nikawaambia ni mchezo. Wanatosha thelathini na mmoja."

Siku ya uzinduzi wa darasa lililokarabatiwa, paa lilikuwa jekundu hadi linaumiza macho. Tangu asubuhi wingu lilikuwa limekaa upande wa bondeni, zito, halisogei. Watoto waliketi kwenye safu sita za watoto kumi na watatu, sare zimefuliwa. Mgeni rasmi aliingia na watu wake, wakajipanga mbele ya ubao. Cheti kilikuwa kimetiwa kwenye fremu ya kioo: Paa imara, muda uliobaki miaka 10.

"Fundi wetu aliyelikagua ndiye atakayekitundika," alisema ofisa, na watu wakapiga makofi.

Fundi aligonga msumari ukutani. Lipu ikaporomoka ikamwagikia viatu vya mgeni.

"Si hapo, mzee, unatuchafulia mgeni. Gonga kwenye boriti."

Boriti ilipita juu tu ya ubao. Fundi aliweka msumari, akautuliza kwa kidole gumba kabla ya kuupiga nyundo. Haukuhitaji nyundo. Ulizama wote, hadi kichwa, na unga ukamwagika juu ya kioo. Akajaribu shibiri moja pembeni. Kidole gumba tena.

"Kuna nini?" ofisa aliuliza kwa sauti ya chini, midomo ikiendelea kutabasamu.

"Hapashiki, bosi."

"Basi kishike wewe. Ni picha tu."

Upepo ulifika kabla ya mvua. Madirisha yalipigwa, mwanga ukapungua, kisha matone ya kwanza yakaanguka juu ya bati, makubwa, moja moja. Na chini ya sauti ya matone, fundi akaisikia nyingine, ndefu, ya kitanda kibovu. Alimtafuta binti yake kwa macho. Alikuwa ameshaweka chaki mezani.

"Watoto," alisema mwalimu, sauti yake ya siku zote, "ule mchezo wetu."

Safu ya kwanza ikainuka, ikaenda ukutani. Ya pili ikafuata. Mgeni rasmi alidhani anapishwa, akaanza kupiga makofi, na wote wakamfuata.

"Wana adabu kweli hawa," alisema.

Ukuta ulijaa kwa mtoto wa tano wa safu ya tatu. Wa sita alisimama nyuma ya mwenzake, akageuka kumtazama mwalimu, amwonyeshe pa kwenda. Nyuma yake wengine walisubiri katikati ya darasa, mikono wameikunja kama walivyofundishwa. Fundi alikuwa amesimama chini ya boriti, fremu ameiinua kwa mikono yote miwili, na unga ulikuwa ukimshukia mabegani.

"Inua kidogo, mzee," alisema mpiga picha. "Hiyo kumi haisomeki."