Ulimi wa Mzee Ngige

Beth, bintiye Ngige wa Kitale aliyeolewa huku kwetu Bungoma, ndiye aliyenipa habari hii mwaka jana tukipukuchua mahindi. Alicheka mpaka gunzi likamponyoka. Mimi nilichelewa kucheka, maana Nelima, mke wa kaka yake, ni msichana wa Bokoli, huku huku kwetu, na najua alivyolelewa.

Nelima alikuwa ameketi dirishani, kwenye kiti alichokiacha Beth, akitazama mate ya baba mkwe wake yakimeremeta juu ya uzi.

Mzee Ngige alifunga nzi wa kuvulia. Manyoya ya jogoo na ya sungura aliyazungushia uzi kwenye ndoana ndogo mpaka yakafanana na mdudu, samaki wa mito ya mlimani akahadaika. Macho yalikuwa yamemfifia, hivyo uzi aliuchagua kwa ulimi. Aliupitisha kati ya midomo polepole, kama mtu anayesikiliza.

"Huu mnene, utaziba tundu la ndoana. Huu mwembamba, utakata manyoya. Huu... eeh, ndio huu." Akamnyooshea Nelima uzi umelowa chepechepe, unaning'inia kama ute wa konokono. "Onja, mama. Vidole ni waongo."

Nelima akarudisha mkono nyuma. Kwao, mke wa mtu hampi baba mkwe mkono, wala hakalii kiti alichokikalia. Kuketi naye chumba kimoja tu alikuwa amekumeza kama dawa chungu. Sasa mate?

"Baba, si nitaushika tu kwa mkono?"

"Hata Beth alionja."

"Beth ulimzaa."

"Na wewe nilikuokota sokoni?"

Wangui, mama mkwe, akachungulia kutoka jikoni. "Mzee, wacha mtoto wa watu! Hayo mate hata mimi nimeyavumilia tu."

Ngige hakucheka. "Kiti hiki ni cha anayejua uzi. Asiyejua, jembe liko nje. Jembe halionjwi."

Tangu ajifungue, mgongo wa Nelima haukuweza jembe. Akilima mstari mmoja, jioni huinuliwa kitandani kama mgonjwa. Akachukua uzi mkavu, akafunga nzi wake kwa vidole. Ngige akamtupa nzi huyo kwenye karai la maji, akamvuta. Uzi ukateleza, manyoya yakafumuka, yakaelea kama uchafu wa kuku aliyenyonyolewa.

Jumapili Nelima alienda kwao, akarudi na bonge la nta ya nyuki kutoka mzinga wa mamake, limefungwa kwa jani la mgomba. Alipopitisha uzi juu ya nta, uzi ukashika, haukuteleza tena. Tena nta ilisema: uzi mnene uliacha mfereji, mwembamba ukazama usionekane, na ule uliofaa ukaacha mstari kama unywele.

Ngige alimvuta nzi mpya karaini. Akamvuta tena. Hakufumuka. Mzee akaunusa uzi, uso ukamkunjamana.

"Unanuka moshi na mabuu! Uchafu gani huu?"

"Samaki hajali, Baba."

Kwa mazoea akaupeleka mdomoni. Nta ikamganda midomoni. "Ptu!" Akajifuta kwa mkono wa koti, akatema, akajifuta tena, huku Wangui akishika mbavu mlangoni. Nelima alitazama chini. Ndani kabisa, alifurahi kumwona na yeye akitapatapa kwa kinyaa.

"Kaa," mzee akasema hatimaye. "Lakini hiyo takataka yako isiguse uzi wangu."

Jioni macho yalimchoka, akamwachia Nelima nzi aliyekuwa bado kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania ndoana. "Nimalizie huyo." Hakuwahi kumwambia mtu hivyo tangu Beth aondoke. Nelima akamaliza kichwa, akakaza fundo, akapapasa mkasi chini ya manyoya, hakuuona. Bila kufikiri akainama, akaukata uzi kwa meno.

Ulikuwa uzi wa mzee. Bado ulikuwa na unyevu.

Alikimbia nje akatema. Alisugua ulimi kwa pindo la leso, akasukutua kwa maji ya chumvi, akasukutua tena. Lakini ulimi ulikuwa umeshajua: si mnene, si mwembamba.

"Unatema nini?" Kibe, mumewe, akauliza kitandani.

"Unyoya wa jogoo."

Kibe akageukia ukuta, akaanza kukoroma. Nelima akalala chali, mdomo wazi kidogo, ulimi usiguse kitu, mpaka usingizi ukamfumba midomo.