Fulana Nyeupe ya Delaney

Tarehe mosi Mei, siku ambayo watoto wa darasa la mwisho la sekondari huvaa fulana za vyuo walivyochagua, niliamka roho juu. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nikatoka nje, nikarudi ndani. Binti yangu Delaney alikuwa gerejini anakunja fulana za wenzake sitini na mmoja. Zote kazichapa yeye, kwa mashine aliyoinunua ili kuchapia fulana timu za besiboli na kwaya za kanisani, biashara yake ndogo. Ya kwake sikuiona.

"Na yako iko wapi?"

"Ipo, Mama. Acha wasiwasi."

"Ya chuo gani?"

"Utaiona huko huko."

Jeuri gani hii! Chuo kikuu cha jimbo kimemkubali asomee kemia, ila hata baada ya ufadhili panabaki pengo la dola elfu kumi na tisa kwa mwaka, la kuzibwa kwa mkopo. Mimi na mkopo wa shule hatuivi chungu kimoja. Nilikopa nikiwa na umri wake, nikaacha mwaka wa tatu bila cheti, na miaka ishirini na minne baadaye bado nakatwa kila mwezi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu Machi nimemwimbia wimbo mmoja: biashara unayo, wateja unao, kusaini mkopo ni ujinga. Na bado, Mungu anisamehe, nilitamani kumwona na fulana ya chuo.

Kwenye ukumbi wa michezo wa shule nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Hebu tulia," mama yangu Opal akasema. "Unatutikisia benchi utadhani umekalia siafu."

Mkuu wa shule akaita majina. Kila mtoto alifungua zipu ya jaketi, rangi za chuo zikaonekana, watu wakashangilia. Ikafika zamu ya Delaney. Akafungua. Fulana nyeupe pe, haina hata herufi moja.

"Vipi, wino ulikuishia?" mkuu akatania kwenye maikrofoni, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mdomo ukanitangulia. "Mnacheka nini? Mimi nilivaa hizo fulana zenu nikiwa na miaka kumi na minane, mpaka leo nazilipia! Mwanangu ana akili zake, ana biashara yake, hasaini upuuzi wenu!"

Kisha wazazi wawili watatu wakapiga makofi. Nikakaa kifua mbele. Delaney alifunga jaketi lake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilimkuta garini, macho mekundu.

"Nani kakwambia nimechagua biashara?"

"Si hukuandika kitu?"

"Sikuandika kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe! Jina la chuo liko tayari kwenye mashine tangu jana. Kila nikitaka kuchapa nasikia sauti yako. Mkopo siutaki, Mama, sina wazimu. Lakini kusoma nataka. Kuna siku hata moja umeniuliza?"

Sikuwahi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Benki una kiasi gani?"

"Elfu tisa na mia saba."

"Zinafika wapi?"

"Muhula mmoja. Labda."

"Na mwisho wa kuthibitisha nafasi?"

"Leo."

Nikashuka, nikazunguka gari mara mbili. Kila jibu lililonijia lilikuwa woga wangu, si wake. Nikafungua mlango wa upande wake.

"Thibitisha," nikasema. "Nenda huo muhula mmoja. Mashine utaenda nayo, wanafunzi nao huvaa fulana. Ila mkopo husaini."

Alikuwa ameshashika simu. Akaniangalia.

"Na hela zikiisha, Mama?"

"Sijui," nikamwambia, na tangu Machi hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililompa.