Swichi ya Pili Juu ya Ngazi

Mwanangu mkubwa ni mtu mwema, lakini akishaamua jambo hasikii la mtu. Jumatatu aliamua kwamba Jumamosi saa nne asubuhi atakuja na maseremala wawili, wafungue kitanda changu, wakishushe pamoja na cherehani, na mimi nihamie stoo ya chini. Stoo! Chumba chenye baiskeli isiyo na gurudumu na kadirisha kanakotazama ukuta wa jirani. Nimeshona miaka arobaini na moja kwenye dirisha la juu, mwanga ukiniangukia mikononi, leo nikashone na panya?

"Mama, umeanguka mara mbili kwenye ngazi," alisema.

"Mara moja. Ile ya pili niliteleza."

Na kosa halikuwa la miguu yangu, lilikuwa la swichi. Ngazi zetu zimebanwa na kuta mbili, hazina dirisha, hata saa sita mchana hujui unakanyaga wapi. Swichi ni moja tu, nayo iko chini. Marehemu mume wangu alipokuwa hai, mimi nilipanda taa ikiwaka, kisha yeye akaizima na kunifuata akipapasa ukuta. Tangu atangulie nazima mwenyewe na kupanda gizani, maana kuacha taa iwake bure siwezi, sikulelewa hivyo. Kushuka ndiyo balaa zaidi, kwa sababu swichi iko huko ninakokwenda.

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," nikamwambia. "Nikiweza kuwasha na kuzima taa nikiwa juu na nikiwa chini, uniache chumbani kwangu."

"Ukiweza, sitasema neno tena." Lakini alikuwa anacheka, na kicheko kile kiliniuma.

Nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wake marehemu, fundi umeme aliyestaafu. Mtaa mzima unamwita Shoti. Ndiye aliyetandaza nyaya za nyumba hii tulipokuwa bado vijana.

"Shemeji, hii swichi yako moja imenichosha."

"Mbona ulipoolewa hukulalamika?"

"Nilipoolewa nilikuwa na magoti."

Alifika Ijumaa asubuhi na mkoba wake wa ngozi, swichi mbili mpya, na roli la waya lililobaki kwenye kazi zake za zamani, wote wa kijivu. Akazima swichi kuu, akapima kwa testa mara mbili kuhakikisha hakuna umeme, ndipo akaanza kuchimba ukuta. Vumbi likatua mpaka kwenye vikombe. Mimi nilishika tochi na kumkosoa, naye akanijibu kila neno, kama kawaida yetu.

Kabla hajaingiza nyaya kwenye bomba, alinieleza. "Umeme unafika kwanza swichi ya chini. Kutoka hapo nyaya mbili zinapanda mpaka swichi ya juu, hizo zinapokezana umeme. Kutoka juu, waya mmoja tu unakwenda kwenye taa, na huo una skrubu yake peke yake. Ukiuchanganya na wenzake, umekwisha."

"Na zote ni za kijivu! Ngoja nikuwekee alama."

Nikaleta kikapu changu cha nyuzi. Waya wa taa nikaufunga uzi mwekundu, zile mbili za kupokezana nikazifunga uzi wa kijani. Shoti alizitazama nyuzi zile kwa muda, akakohoa, akasema, "Vizuri, vizuri." Nikadhani vumbi limemkaba.

Jumamosi alikaza skrubu ya mwisho mwanangu akiwa mlangoni na maseremala wake. Shoti akarudisha umeme, nami nikabonyeza swichi ya chini. Taa ikawaka! Nikapanda hatua zote kumi na nne nikiona kila moja, nikafika juu, nikabonyeza. Ikazimika.

"Umeona?" nikapiga kelele. "Sasa washa huko chini!"

Nikasikia mwanangu anabonyeza. Tak. Kimya. Tak tena. Giza tupu.

"Mama, huku chini imekufa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, afadhali angenitukana. "Basi, jamani. Tufungue kitanda."

Maseremala wakapanda wakimulika kwa simu. Nikamwita Shoti juu, nikamwambia azime tena swichi kuu na afungue kile kiboksi cha swichi ya juu. Nyuma yetu nilisikia bisibisi yao ikilegeza kitanda changu, kisha wakapita na ubao wa kichwani, wakaushusha sebuleni. Nilitaka kulia. Badala yake nikafoka.

"Shemeji, kwenye ile skrubu ya peke yake uliweka waya upi?"

"Wa uzi mwekundu, si ulivyosema? Huu hapa."

Akaugusa. Ulikuwa na uzi wa kijani.

Nikadhani anatania. Nikamtazama usoni, wala hakuwa anatania. Alikuwa anautazama uzi ule kama mtoto anayeulizwa swali darasani. Nikachukua kikapuni kipande cha uzi mwekundu na kingine cha kijani, nikaviweka kiganjani mwangu chini ya tochi.

"Kipi chekundu?" nikanong'ona.

Akasema polepole, "Shemeji, kwangu mimi rangi hizo zote ni sawa. Tangu nizaliwe."

"Na miaka yote hiyo ya ufundi?"

"Kaka alikuwa ananionyesha rangi. Ndiyo maana alikuwa anakuja kazini na mimi. Hakumwambia mtu."

Jamani! Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, kubadilisha glopu tu kulimshinda. Kila Jumamosi aliondoka na mdogo wake, nami kila Jumamosi niligomba naye: wewe na umeme wapi na wapi? Alikuwa anacheka tu na kuvaa viatu. Hata mimi mkewe hakunitobolea siri ya ndugu yake. Nilimpenda upya, pale pale, nimechuchumaa kwenye vumbi.

"Toa nyaya zote," nikamwambia Shoti. "Nyuzi za rangi basi. Sasa utasoma kwa vidole."

Nikautafuta waya wa taa kwa uzi wake mwekundu, nikaufunga uzi mwingine wenye fundo moja nene. Zile za kupokezana nikazifunga mafundo mawili mawili. Shoti akafumba macho, akapapasa, akatabasamu. Vidole vile havikuwa vimezeeka hata kidogo. Fundo moja kwenye skrubu ya peke yake, mawili huku, mawili kule, akakaza, akafunika.

"Mama, inatosha sasa," mwanangu aliita kutoka chini. "Kwani shida ilikuwa nini?"

Shoti aliinamisha kichwa.

"Nyuzi zangu," nikasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Niliziweka vibaya. Baba yako mdogo ndiye aliyegundua."

Shoti akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akashuka kurudisha umeme. Mimi nikabaki juu, mlangoni mwa chumba changu.

"Washa!" nikasema.

Tak. Ikawaka. Nikaizima mimi. Mwanangu akaiwasha. Akaizima, nikaiwasha, nikaizima, akaiwasha, mpaka maseremala wakaanza kuhesabu kwa sauti na Shoti akapiga vigelegele kama bibi harusi ndiye anayepita. Kwa furaha niliyokuwa nayo ningeweza kuruka ngazi zote kumi na nne. Mwanangu alisimama pale chini, kidole kwenye swichi, akicheka kicheko kingine kabisa.

"Haya, Mama," akasema. "Umenishinda. Sasa tufanye nini?"

Akaizima mara ya mwisho, kwa utundu tu. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza swichi yangu.

"Pandisheni kitanda changu," nikasema. "Nimewawashia taa."