Sikio la Ukoo wa Hallerstedt

Kwetu Ujerumani, chini ya milima ya Harz, piano ya Hallerstedt haikutoka kiwandani mpaka Hallerstedt mwenyewe aipitishe. Mwanzilishi ndiye aliyeanza desturi hiyo. Hata vita vilipowageuza mafundi wake kuwa watengenezaji wa masanduku ya risasi, wanasema aliyagonga masanduku yale kwa kidole na kuyasikiliza kabla hayajapakiwa. Huko ndiko nilikooa.

Mkwe wangu, Mzee Gotthold, alishika kazi ya mwisho kabisa: kuchoma kwa sindano zile nyundo ndogo zilizovikwa sufu, ambazo hugonga nyuzi. Ukiichoma sufu inalainika, na sauti inakuwa tamu. Ukiiacha ngumu, sauti inakwaruza. Sasa mzee alipozeeka, masikio yake yakaanza kupoteza sauti za juu. Kwa kuwa hazisikii, akawa anaziacha nyundo zake ngumu, tena anazipiga msasa ili zilie zaidi. Mafundi wote walijua na hakuna aliyefungua mdomo. Wenyewe waliita heshima. Mimi niliita woga.

Mke wangu Irmtraud alikuwa amerithi sikio la ukoo. Mzee akishakwenda nyumbani kula, yeye alibaki karakanani na kuzichoma upya nyundo za juu. Piano zikaendelea kusifiwa, na sifa zikaenda kwa baba yake.

"Mwambie," nilimsihi. "Iko siku utaumbuka."

"Nimwambie nini? Kwamba amekuwa kiziwi?"

"Kwani hajawa?"

"Wewe unachonga miguu ya piano, Volkmar. Miguu haina masikio. Niache."

Basi ukumbi wa mji ukanunua piano yetu, na usiku wa kuizindua mzee akaketi mstari wa mbele. Mpigaji alipopanda kwenye sauti za juu, watu walifumba macho kwa utamu. Mzee aliona vidole vikitembea, asisikie kitu. Kesho yake asubuhi alituita sote.

"Nani ameigusa piano yangu?" akauliza. "Huku juu kote kumekufa. Mimi sikuitoa hivyo."

Mafundi wakatazama viatu vyao. Mimi nilimtazama mke wangu. Ilikuwa aseme ukweli tu, kiwanda kipone.

"Ni mimi, Baba," akasema. "Nilidhani naitengeneza. Nimeiharibu."

"Umeiharibu kweli. Wazee wako wote, hakuna aliyethubutu." Akanyoosha mkono, naye Irmtraud akamkabidhi sindano zake. "Nenda ofisini ukapokee simu."

Simu hizo ndizo zilizotumaliza. Piano sasa zilitoka kama mzee alivyotaka kuzisikia, na wateja wakalalamika kwamba zinalia kama kisu juu ya sahani. Zikaanza kurudishwa. Irmtraud aliwaomba radhi mmoja mmoja, bila kuyataja masikio ya mtu. Nilimkasirikia sana, na hasira hiyo bado ninayo, ingawa nampenda. Kiwanda kilifungwa, na jengo letu leo ni duka la mazulia.

Piano moja katika zile za mwisho iko sebuleni kwa mzee. Kila Jumapili tunakwenda kwake kunywa kahawa na kula keki ya matofaa, naye huketi akapiga, uso umemkunjuka kwa furaha. Majirani hufunga madirisha hata joto likiwa kali. Mimi huchukua kikombe changu nikatoka bustanini. Irmtraud hubaki ubavuni mwa baba yake, na sikio lake lile, mpaka amalize.

Jumapili iliyopita niliwasikia kutoka nje.

"Unasikia?" mzee alimwuliza. "Hivi ndivyo inavyotakiwa kulia. Laiti ungekuwa na sikio, mwanangu, ningekuachia kiwanda."

"Najua, Baba," mke wangu akasema, akamwongezea kahawa.